Ligi ya Taifa Isiyofika Mungaa

Kijana wa Mungaa akitaka kuiona ligi ya taifa ya mpira wa kikapu kwa macho yake, lazima apande basi. Atatoka katani kwake, wilayani Ikungi, mkoani Singida, ashike barabara kuu ya kuelekea Dodoma, na kama mwaka huo shirikisho limeipeleka michuano huko, atakuwa amepata nafuu. Ikipelekwa Dar es Salaam, safari inakaribia kilomita 700. Akichelewa siku chache atakuta kombe limeshakabidhiwa, maana fainali za ligi hii huchezwa kituo kimoja, timu zote zikilala mji mmoja, na ndani ya wiki moja au mbili bingwa amepatikana.

Mkoa wa Singida si mgeni wa michezo. Singida United ilirudi Ligi Kuu ya soka mwaka 2017, ikashuka mwaka 2020, na baada yake zikaja timu nyingine zikibadili majina na wamiliki, hadi leo tunayo Singida Black Stars. Mkulima wa alizeti wa Mungaa anajua Simba na Yanga zinakuja lini Singida mjini, na anajipanga mapema. Kwa kikapu hana cha kujipangia. Hakuna Jumamosi hata moja katika mwaka ambayo mkazi wa mkoa huu ana hakika kwamba timu ya kwao inacheza mechi ya ligi ya taifa mbele yake.

Hesabu ya michezo inaonyesha ukubwa wa tatizo. Katika Ligi Kuu ya soka yenye timu 16, kila timu hucheza mechi 30 kwa msimu, 15 kati ya hizo mbele ya watu wake. Timu ya kikapu ya mkoani iliyofuzu fainali za taifa, ikapangwa katika kundi la timu tano, itacheza mechi nne. Isipovuka makundi, mwaka wake wa kitaifa umekwisha hapo. Ni mechi nne, tena zote ugenini. Mchezaji wa miaka 20 hakui kwa mechi nne. Kikapu ni mchezo wa marudio: mtu hujifunza kumkaba mpinzani wa aina fulani kwa kukutana naye tena na tena, apoteze mwezi huu, alipize mwezi ujao. Kocha hujifunza vivyo hivyo, na refa, na hata mtu wa meza anayeandika pointi na makosa. Ukiwapa watu hawa wote siku kumi za kazi kwa mwaka, ubora utashuka tu, na umeshuka.

Kituo kimoja kilichaguliwa kwa sababu ya ukata, na haki itendeke kwa waliochagua. Chukua timu moja ya kutoka Singida. Wachezaji ni 12; ongeza kocha, msaidizi wake na meneja, wanakuwa watu 15. Kwa siku 10 wanahitaji malazi ya usiku 150 na sahani 450 za chakula, kabla hujagusa nauli ya kwenda na kurudi, jezi, maji na bandeji. Mzigo huo kwa kawaida huangukia klabu yenyewe. Na klabu ya mkoani mara nyingi ni walimu wawili watatu, mfanyabiashara mmoja mwenye mapenzi na mchezo, askari wachache na wanafunzi wa chuo. Miezi miwili kabla ya fainali wanaanza kutembeza bakuli: barua ofisi ya mkuu wa mkoa, barua kwa mbunge, barua kwa wenye mabasi. Fedha ikipungua, timu inaondoka na wachezaji wanane. Isipopatikana kabisa, inabaki nyumbani. Ligi ambayo ushiriki wake unaamuliwa na nauli huishia kuwa ya walio karibu na ya wenye mwajiri.

Waajiri ndio waliokuwa nguzo ya kwanza ya michezo ya nchi hii. Hadi miaka ya 1980 timu nyingi za mikoani zilibebwa na mashirika ya umma, vyama vya ushirika, majeshi na vyuo. Upande wa soka majina bado yako midomoni mwa watu: Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza, CDA ya Dodoma, RTC Kigoma, Bandari Mtwara, Ushirika ya Moshi. Karibu kila jina hapo linataja mwajiri au sekta, na kila timu iko mkoa wake. Kikapu kiliishi katika kivuli cha mfumo huohuo. Mchezaji aliajiriwa ukarani au ufundi, akalipwa mshahara, akaruhusiwa kwenda mazoezini alasiri, na gari la kazini likampeleka kwenye mechi. Sisemi ilikuwa enzi ya dhahabu; viwanja vilikuwa vichache. Lakini mchezo ulikuwa na wa kuulipia nauli katika miji mingi kwa wakati mmoja. Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 ulipopita, mwekezaji aliyenunua kiwanda hakununua na timu. Karani aliyekuwa mchezaji akapunguzwa kazini kama karani mwingine yeyote. Vyombo vya ulinzi havikubinafsishwa, na ndiyo maana hadi leo JKT, timu ya Jeshi la Kujenga Taifa, ni jina kubwa katika kikapu cha Tanzania.

Pigo la pili liliingia shuleni, na mimi naliona zito kuliko la kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa waziri wa elimu, michezo iliondolewa shuleni kwa hoja kwamba inakula muda wa masomo. UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na ya sekondari, zikasimama. Serikali ya awamu ya nne, iliyoingia madarakani Desemba 2005, ikairudisha michezo, ila miaka iliyopotea haikurudi. Mtoto aliyekuwa na miaka 13 mwaka 2001 alifika miaka 25 mwaka 2013, umri ambao mchezaji wa kikapu ameshakomaa. Kizazi chake ndicho kilichopaswa kuijaza ligi ya taifa katika muongo wa 2010. Leo watu hao wanakaribia miaka 40, na ndio ambao wangekuwa makocha wa wilaya, marefa wa mikoa na walimu wa michezo. Ukiuliza kwa nini mkoa fulani hauna mwamuzi wa kikapu mwenye cheti, sehemu ya jibu iko katika uamuzi ule wa miaka ya 2000.

Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kwamba uamuzi ule ulikutana na upanuzi mkubwa wa sekondari. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza mwaka 2004, na shule za kata zikaota nchi nzima. Vijijini wananchi walisomba mawe na mchanga, wakachoma matofali, wakachangishana. Walijenga madarasa, kisha nyumba za walimu, kisha maabara. Hakuna aliyewaambia waache eneo la kiwanja cha sakafu, na wangeambiwaje wakati michezo yenyewe ilikuwa imetolewa kwenye ratiba? Nafasi ya kuingiza kiwanja katika ramani ya shule mpya huja mara moja. Ilipita wakati ambao hakuna aliyekuwa na sababu ya kuidaka.

Ushahidi wa kile shule inachoweza kufanya tunao, na una urefu wa mita mbili na zaidi. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1987, alisoma Makongo, sekondari ya jeshi ambayo chini ya Kanali Iddi Kipingu ilikuwa kambi ya vipaji vya kila aina. Thabeet aliugusa mpira wa kikapu akiwa kijana wa miaka kama 15, umri ambao kwa wenzetu mchezaji ameshatimiza miaka kadhaa ya mafunzo. Akavuka kwenda Marekani, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili kati ya wachezaji wote wapya waliokuwa wakiingia NBA. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika hapo kabla yake. Nchi ilishangilia, ikapiga naye picha, na ligi ya nyumbani ikabaki ilipokuwa. Tulimchukulia Thabeet kama baraka ya urefu, tukaacha kuuliza ni wangapi wenye kimo chake walikuwa Singida, Manyara au Mara wakichunga ng'ombe, shule zao zikiwa hazina hata ringi moja.

Suala la sakafu lina uzito wake. Mpira wa pete umeenea shule za msingi nchi nzima kwa sababu mpira wake haudundwi: unarushwa, unadakwa, unarushwa tena, na ardhi iweje haidhuru. Kikapu ni kudunda. James Naismith alipoubuni mchezo huu mwaka 1891 huko Springfield, Massachusetts, alikuwa ndani ya ukumbi, kwenye sakafu ngumu, akiwatafutia vijana kazi ya majira ya baridi. Peleka mchezo huo kwenye kiwanja cha vumbi cha shule ya Ikungi mwezi Agosti. Mpira ukipigwa chini unazama kidogo kwenye mchanga, unaruka pembeni, na vumbi linainuka. Mtoto anayejifunzia hapo anazoea kuinama na kuutafuta mpira kwa macho, na anayeutazama mpira wake hawezi kumwona mwenzake aliyebaki peke yake chini ya goli. Mvua za Desemba zikianza, kiwanja kinakuwa dimbwi. Changarawe zinachubua ngozi ya mpira kabla muhula haujaisha, na mpira huo huenda ndio pekee shuleni. Mwalimu anaona hali hiyo, anawarudisha watoto kwenye soka na mpira wa pete, na simlaumu.

Kiwanja rasmi cha kikapu kina urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Hizo ni mita za mraba 420, karibu sawa na sakafu za madarasa saba. Si kitu kidogo kwa halmashauri ya vijijini, lakini pia si kitu kisichowezekana kwa halmashauri inayojenga madarasa kila mwaka.

Viwanja vya sakafu vilipokusanyika mji mmoja, mchezo nao ukakusanyika huko. Dar es Salaam ina Don Bosco Upanga, chini ya mapadri Wasalesiani, ambapo vizazi vya vijana vimefundishwa kikapu bila kuulizwa dini wala kabila. Ina JMK Park pale Kidongo Chekundu, iliyofunguliwa mwaka 2015. Ina Uwanja wa Ndani wa Taifa, ina viwanja vya vyuo. Ndiyo maana ligi ya mkoa wa Dar es Salaam imekuwa na uhai ambao ligi ya taifa haina: Savio, Vijana, Pazi, JKT, UDSM Outsiders, ABC, na watazamaji wanaojua kesho nani anacheza na nani. Watu wa Dar es Salaam hawana kosa lolote. Wamejenga chao kwa jasho lao. Kosa ni la waliouangalia ubora wa mkoa mmoja wakauhesabu kuwa afya ya taifa. Ligi ya taifa ikianza, klabu za Dar es Salaam zinafika zikiwa na mechi nyingi za ushindani miguuni. Za mikoani zinafika zikiwa na mazoezi ya jioni. Matokeo yanajulikana kabla ya mpira kurushwa juu, na mashindano yenye matokeo yanayojulikana hayauziki.

Kuhusu kuuzika, fedha za michezo zimeelekea upande mmoja. Mwaka 2021 Azam Media na shirikisho la soka, TFF, walisaini mkataba wa haki za matangazo ya soka wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Sina kinyongo na soka. Lilijenga ratiba yake kwanza, kamera zikaifuata. Kikapu kimekuwa kikisubiri kamera kabla ya ratiba. Wadhamini walijitokeza mara kwa mara: Benki ya CRDB iliwahi kudhamini Kombe la Taifa, na mashindano ya mtaani ya Sprite BBall Kings yalianza mwaka 2017 yakavuta vijana wengi Dar es Salaam. Yote mawili yalionyesha kwamba watu wapo. Lakini bonanza na kombe la wiki moja havilei mchezaji. Vinamvuna aliyelelewa na mwingine.

Majirani wanatupa kipimo kisichokwepeka. Ligi ya Kikapu Afrika, BAL, ilianza Kigali mwaka 2021, na Rwanda imekuwa na timu katika kila msimu tangu hapo. Uganda ilipeleka City Oilers mwaka 2023, Burundi ikapeleka Dynamo mwaka 2024, Kenya ikapeleka Nairobi City Thunder mwaka 2025. Kwa timu za taifa, Uganda iliingia AfroBasket kwa mara ya kwanza mwaka 2015, na Kenya ikarudi mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu 1993. Ukichungulia ndani ya klabu zao unakuta mfumo tuliouacha sisi. REG ya Kigali ni ya shirika la umeme la Rwanda. APR ni ya jeshi. Mombasa, timu ya KPA ni ya mamlaka ya bandari, na kwa miaka mingi ndiyo iliyoipa ligi ya Kenya sababu ya kutoka Nairobi. Wenzetu hawakufanya muujiza. Mashirika yao yanalipa mishahara ya wachezaji; ya kwetu yaliuzwa au yakajiondoa.

Hapa msomaji mwenye haki atanikumbusha Dar City. Ni kweli, na nimeifurahia kama Mtanzania mwingine yeyote: mwishoni mwa mwaka 2025 klabu hiyo ilifuzu BAL ya 2026, ya kwanza kutoka nchi hii. Imewekeza, imesajili wachezaji wa kigeni, imemrudisha Thabeet uwanjani nyumbani. Inastahili pongezi zote. Lakini mafanikio yake hayabadilishi hoja yangu hata kidogo. Dar City ilipanda kwa mfuko wa wenye klabu. Haikupandishwa na ligi iliyoikomaza, na wenye klabu wakichoka kesho hakuna kitakachobaki mikoani. Singida tunalijua hilo kuliko wengi. Singida United ilipanda mwaka 2017 kwa kishindo na fedha za wadhamini. Miaka mitatu baadaye ilikuwa imeshuka.

Nchi hii ni kubwa, na ukubwa huo ni sehemu ya maelezo. Mkoa wa Singida peke yake una takribani kilomita za mraba 49,000. Rwanda yote ina takribani 26,000. Timu ya Kigali inacheza ugenini na kulala nyumbani. Kuitaka timu ya Singida icheze nyumbani na ugenini dhidi ya Mtwara, Kagera na Mbeya kwa fedha iliyopo ni kuiua. Kutokana na hilo viongozi wamefikia hitimisho kwamba kituo kimoja hakiepukiki, na hapo ndipo tunapoachana. Kama Rwanda inatosha kwa ligi moja, Kanda ya Kati inatosha kwa ligi moja. Singida, Dodoma, Tabora na Manyara zimeunganishwa kwa lami. Timu ikitoka Singida asubuhi inacheza Dodoma alasiri, inalala usiku mmoja, inarudi. Timu nane katika kanda, kila moja ikikutana na nyingine mara mbili, kila timu inapata mechi 14, saba kati ya hizo nyumbani. Gharama ya siku kumi za kituo kimoja ikigawanywa vizuri inaanza kulipia msimu wa miezi minne. Fainali za taifa zibaki za kituo kimoja, ziwe kilele cha kazi iliyofanyika badala ya kuwa kazi yenyewe.

Fedha ya kuanzia ipo karibu kuliko inavyodhaniwa. Vijana wa Mungaa wanabeti kama vijana wa Kariakoo. Mikeka yao inakatwa kodi, na sehemu ya kodi ya michezo ya kubahatisha imetengwa na serikali kwa ajili ya Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Ni haki kudai kwamba kitu fulani cha mfuko huo kirudi katani kwa umbo la zege. Walimu nao wapo wa kufundishwa: Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kiko Kwimba, na mwalimu mmoja wa Ikungi akipelekwa huko, anarudi na ujuzi utakaodumu miaka 30.

Kwa shirikisho la mpira wa kikapu, TBF, ombi langu ni kwamba ligi za kanda zitangulie fainali zozote za taifa, ratiba itolewe mwanzoni mwa mwaka na isibadilishwe, na timu isiyocheza kanda isionekane fainali hata ikiwa na majina makubwa. Kwa Baraza la Michezo la Taifa, pimeni shirikisho kwa idadi ya mechi zilizochezwa mikoani, msilipime kwa kombe lililokabidhiwa. Kwa mashirika ya umma yaliyobaki, yale ya umeme, bandari, reli na hifadhi ya jamii, ajirini wachezaji nje ya Dar es Salaam, kama mlivyowahi kufanya. Na kwa madiwani wa Ikungi: bajeti ijayo iwe na mita za mraba 420 za sakafu katika shule moja ya Mungaa, ringi mbili, na mipira kumi.